Durban Haisubiri Usiku wa Manane

Haya wadogo zangu, sogeeni tuongee. Barua na jumbe mlizonitumia nimezisoma zote, na swali linalorudi ni moja: "Dada, naenda Durban, niingie klabu gani?" Yupo anayekwenda kumtembelea kaka yake, wapo wawili waliopata chuo, yupo bibi harusi anayetaka wikendi moja na shoga zake kabla ya kufunga ndoa. Wote mmeniuliza habari za klabu. Mimi naanza na saa.

Sisi wa Dar na Mombasa tumezoea kwamba starehe ni kuanzia saa sita usiku. Kabla ya hapo watu wanajipamba, wanapiga soga, wanabishana nani ana gari. Ukiibeba saa hiyo mpaka Durban, utafika wakati wanamuziki wazuri wameshafunga vyombo vyao. Utabaki na DJ, taa, na foleni ya kuingia. Durban ina klabu, sikatai, na nitawaambia namna ya kuziendea. Lakini bendi za mji ule, zile za watu kupiga kwa mikono na kuimba kwa koo zao, hupatikana Jumapili mchana, Jumatano jua linapoelekea kuzama, na kwenye kumbi ambazo huwezi kuziona kwenye bango lolote la starehe. Ndiyo maana nawasihi: chagueni muziki kwanza, saa itajileta, na mahali patafuata.

Tuanze na Jumapili. Pinetown iko magharibi mwa Durban, si mbali kwa gari. Kuna mgahawa pale unaitwa Rainbow, uliofunguliwa 1981 karibu na kituo cha teksi, kwa ajili ya wafanyakazi weusi waliopita hapo kwenda kazini na kurudi. Wakati huo serikali ya ubaguzi iliuhesabu Pinetown kuwa mji wa wazungu. Bendi zikaanza kualikwa, na mgahawa wa mchuzi na wali ukawa mahali ambapo watu waliokatazwa kukaa meza moja walikaa meza moja wakisikiliza jazz. Jina la Rainbow utalisikia kwa kila mpenzi wa muziki wa mji ule mwenye umri wa mama zetu. Piga simu au angalia kurasa zao mapema ujue kama Jumapili hiyo kuna bendi, maana si kila wiki. Ukifika, usikae nyuma. Kaa mahali unapoona vidole vya mpiga gitaa.

Na kabla hujapanda ndege, fanya kazi ya nyumbani kidogo. Msikilize Busi Mhlongo, mama wa Inanda aliyefariki 2010, uone sauti ya kike inavyoweza kuubeba muziki wa maskandi ambao watu waliuhesabu kuwa wa wanaume na magitaa yao. Msikilize Sipho Gumede kwenye besi, na Bheki Mseleku kwenye piano. Wote wawili ni wana wa Durban, na wote wametangulia mbele ya haki. Kisha Madala Kunene, aliyezaliwa Cato Manor 1951, ambaye gitaa lake linazungumza taratibu kama mtu mzima asiye na haraka. Ukiona jina lake kwenye tangazo lolote, ahirisha mipango mingine. Nasema hivi kwa sababu mtu akiingia ukumbini hajui lolote, humaliza nusu ya usiku anapiga picha tu.

Jumatano ni kwa ajili yenu mliopata chuo, na kwa yeyote mwenye mfuko mwepesi. Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, kampasi ya Howard College, kina Kituo cha Jazz na Muziki wa Watu. Historia yake naipenda. Mwaka 1983 alikuja Mmarekani mmoja, Darius Brubeck, mwana wa mpiga piano Dave Brubeck, kufundisha Durban. Pale ndipo jazz ilipoanza kusomewa shahada, jambo ambalo halikuwepo kwenye chuo kikuu chochote barani. Mwaka 1988, ubaguzi ukiwa bado unatawala, wanafunzi wake weusi na weupe waliunda bendi iliyoitwa Jazzanians na wakaenda kupiga Marekani. Kituo chenyewe kikafuata, na kwa miaka mingi kimekuwa kikiandaa maonyesho Jumatano kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni wakati wa muhula. Kiingilio ni kidogo, na mwenye kitambulisho cha mwanafunzi hulipa pungufu. Anayepiga leo pale mbele ya watu wachache waliotoka darasani huenda miaka michache ijayo utamlipia tiketi ya ukumbi mkubwa. Nduduzo Makhathini, mpiga piano aliyezaliwa 1982 na kusomea muziki hapohapo Durban kwenye chuo cha teknolojia, alikuwa Mwafrika Kusini wa kwanza kusajiliwa na lebo ya Blue Note ya Marekani, na albamu yake ya kwanza huko ikatoka 2020. Watu wa Durban walimsikia kwa bei ya soda. Onyesho linakwisha mapema na unarudi nyumbani kwa wakati.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu Jumamosi, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi wanapoikosa Durban yenyewe. Kuna muziki unaoitwa isicathamiya: wanaume, mara nyingi kundi zima, wanaimba bila ala, wanapiga hatua nyepesi kama wanaoogopa kumwamsha mtu aliyelala. Ulikuzwa na vibarua waliotoka vijijini kwenda migodini na viwandani, wakalazwa kwenye mabweni ya wanaume peke yao, na siku yao moja ya mapumziko wakaigeuza mashindano. Ladysmith Black Mambazo, kundi la marehemu Joseph Shabalala ambalo dunia ililifahamu kwenye albamu ya Paul Simon ya 1986 na ambalo limechukua Grammy tano, lilitoka kwenye mashindano hayohayo. Inasimuliwa kwamba lilishinda mara nyingi hadi likaombwa liache kushindana, lije kutumbuiza tu.

Kwa miaka mingi mashindano ya Durban yamekuwa yakifanyika Jumamosi usiku katikati ya jiji, kwenye ukumbi wa YMCA wa barabara iliyoitwa Beatrice, ambayo sasa ni Charlotte Maxeke. Yanaanza jioni, na mashindano yenyewe hupamba moto usiku mkubwa hadi Jumapili asubuhi. Makundi yanaingia moja baada ya jingine, suti zimepigwa pasi, glavu nyeupe, viatu vinang'aa. Desturi ya zamani ni kumtafuta jaji asiyelijua kundi lolote, hata akiwa mpita njia, ili asimpendelee ndugu. Na kuna sehemu nyingine ya usiku huo ambayo bibi harusi wangu ataipenda: wanaume wanashindana kwa mavazi. Mmoja mmoja anatembea mbele ya watu, anafungua koti uone bitana, anainua mguu wa suruali uone soksi zinavyooana na tai. Wengi wao ni watu wa kazi za mikono, waliovaa ovaroli wiki nzima. Heshima waliyojitunzia usiku ule mtu anaiona hata kama haelewi neno moja la Kizulu.

Ukienda, nenda na mwenyeji anayeujua ukumbi, na umuulize siku hiyo kama mashindano yapo. Vaa kama unakwenda ugenini kwa wakwe. Chukua khanga au shali, maana ukumbi hupoa alfajiri. Usirekodi uso wa mtu bila kumwomba. Na keti mpaka kundi limalize ndipo usimame.

Kwa wapenzi wa klabu, nimewafikia. Durban ndiyo iliyozaa gqom, na huwezi kuisikia mahali pengine ikapigwa kama kwao. Vijana wa Umlazi, KwaMashu na Clermont waliitengeneza kwenye kompyuta za nyumbani kuanzia karibu 2010, wakaiondolea ule mdundo wa kawaida wa haus unaopiga sawasawa mwanzo hadi mwisho, wakabakiza ngoma nzito zinazokatikakatika na sauti ya mtu anayehimiza. Redio ziliikataa. Madereva wa teksi ndogo, zile zinazofanana na daladala zetu, wakaipiga kwa spika kubwa hadi mji mzima ukaikariri. Aliyeona singeli ikipanda kutoka Manzese na Tandale ataijua safari hiyo bila kusimuliwa. Mwaka 2016 Babes Wodumo wa Lamontville akaipasua nchi nzima na wimbo wake Wololo, na 2019 DJ Lag wa Clermont akawa miongoni mwa watayarishaji wa wimbo kwenye albamu ya Beyoncé ya The Lion King. Na sisi tuna mkono humo: Sho Madjozi, aliyeishi Dar es Salaam alipokuwa mdogo, aliimba Kiswahili kwenye wimbo wake Huku juu ya mdundo huohuo. Ukisikia umati wa Durban ukiitikia maneno yako ya nyumbani, utafurahi, nakuhakikishia.

Gqom ya kweli na amapiano iliyotoka Gauteng utaikuta zaidi Umlazi, kusini mwa jiji, kwenye sehemu za nyama choma ambazo wenyewe huziita shisanyama. Eyadini na Max's Lifestyle ndiyo majina yanayotajwa sana. Utaratibu wake ni rahisi: unachagua nyama mbichi kwenye bucha la mbele, inapimwa, unalipa, unawakabidhi wachomaji, nayo inarudi kwenye ubao ikiwa na ugali na kachumbari yao ya moto. DJ anaanza mchana. Nendeni Jumapili, saa nane au tisa, mkiwa na mwenyeji wa Umlazi, na muondoke kabla giza halijaingia. Ni bonanza la Jumapili kama tunavyolijua sisi, na kwa maoni yangu linapita klabu yoyote ya ufukweni. Upande wa jiji, ukitaka bendi usiku, ulizia The Chairman iliyoko Mahatma Gandhi Road, eneo la Point: baa ya jazz iliyopambwa kwa fanicha za zamani, watu wamevaa wakavalia. Mtaa wenyewe si wa kutembea kwa miguu usiku. Gari likushushe mlangoni na likuchukue mlangoni.

Hapo hapo kwenye gari tusimame kidogo, kwa sababu hili ndilo linaloninyima usingizi juu yenu. Panga kurudi kabla hujapanga nguo. Teksi ndogo hupungua sana usiku, na mgeni hazijui njia zake. Tumieni Uber au Bolt, muagize mkiwa ndani, mlinganishe namba ya gari na sura ya dereva na zile za kwenye simu kabla ya kugusa mlango, na muache dereva ndiye ataje jina lenu. Mtumieni mtu mmoja nyumbani ramani ya safari. Beba chaja ya mkononi, na usifike mwisho wa usiku bando limekata. Ufukwe wa Durban mchana ni mahali pa raha, watu wanakimbia, wanapanda baiskeli, watoto wanaoga. Usiku msiende kutembea pale, hata mkiwa wanne. Namba za kukariri ni 10111 kwa polisi, 10177 kwa gari la wagonjwa, na 112 kutoka simu ya mkononi.

Kinywaji chako kifunguliwe mbele yako na kisikutoke mkononi. Ukienda kucheza, kiache, ununue kingine. Mwanaume anayewanunulia meza nzima vinywaji hajanunua chochote kwenu, na hamumdai wala hamdaiwi. Mkiondoka mnaondoka wote, hata kama mmoja anasema amempata mchumba wa maisha. Mchumba wa maisha ana namba ya simu, atapiga kesho. Wale mnaofunga na kuswali na mnaogopa kudharauliwa kwa kutokunywa, ondoeni hofu. Agizeni Stoney, ileile tangawizi ya nyumbani, hakuna atakayewageukia. Chakula cha halali Durban ni tele, na maeneo ya msikiti mkubwa wa Juma, barabara iliyokuwa Grey na sasa Dr Yusuf Dadoo, mtapata bunny chow: mkate uliochimbwa katikati ukajazwa mchuzi wa moto. Kula huo kabla ya kutoka. Tumbo tupu ndilo linalolewesha watu.

Kwa wadogo zangu mlio chini ya miaka 18, nasema kwa upendo na kwa ukali: sheria ya Afrika Kusini haikuruhusu kuuziwa pombe, na mahali panapokuingiza bila kukuuliza umri ni mahali pasipojali kama utatoka. Tarehe 26 Juni 2022, kwenye baa ya Enyobeni mjini East London, vijana 21 walikufa katika usiku mmoja ndani ya ukumbi uliojaa kupita kiasi. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 13. Hata ninyi wakubwa, ukiingia popote, jambo la kwanza ni kutazama mlango wa pili uko wapi. Ukiona watu wamebanana mpaka huwezi kunyanyua mkono, toka. Kiingilio kimepotea, basi.

Tiketi. Nunueni kwenye mitandao inayojulikana ya huko: Quicket, Howler, Webtickets, Computicket. Bei hupanda kwa awamu, kwa hiyo anayenunua mapema analipa nafuu. Msinunue picha ya tiketi kutoka kwa mtu wa WhatsApp. Ile alama ikishasomwa mlangoni mara moja, nakala nyingine zote hazifai, na mtu huyo anaweza kuwa ameiuza kwa watu kumi. Pia jina kwenye bango si ahadi. Ingieni kwenye ukurasa wa msanii mwenyewe. Asipoitaja tarehe hiyo, shikeni pesa zenu. Kwenye matamasha makubwa mnaweza kuvalishwa mkanda wa mkononi unaowekewa pesa. Wekeni kidogo kidogo, na mdai salio mara tu tamasha linapokwisha.

Mnaopanga safari kwa kufuata msimu, jueni haya. Jumamosi ya kwanza ya Julai ni Durban July, mbio za farasi za Greyville zilizoanza 1897, na siku hizi watu wengi huja kwa ajili ya mavazi na sherehe kuliko farasi. Vyumba hujaa na bei hupaa wiki nzima. Desemba mji unafurika watu wa Gauteng wanaokuja kuoga baharini, muziki ni kila kona, na magari hayaendi. Anayependa muziki wa nchi mbalimbali afuatilie Zakifo, tamasha lililoanza 2015. Pasaka kuna Splashy Fen, lililoanza 1990, lakini hilo liko milimani upande wa Underberg, watu wanalala kwenye mahema na baridi ni ya kweli. Kama mnataka Durban ya utulivu na bendi zake, chagueni miezi ya muhula wa chuo, nje ya sikukuu.

Kuna mmoja ameniuliza kwa woga: "Dada, hawatatuchukia?" Sitamficha. Aprili 2015 wageni Waafrika walishambuliwa Durban, watu wakauawa na maelfu wakakimbilia kambi, na chuki hiyo haijaisha kabisa. Fuatilieni habari za wiki mnayokwenda, na kukiwa na maandamano dhidi ya wageni, kaeni nyumbani, muziki utakuwepo. Tembeeni na nakala ya pasipoti iliyothibitishwa, pasipoti yenyewe ifungiwe. Msitaje mishahara wala kazi za watu mbele ya msiowajua. Na salimieni kwanza, kwa Kizulu, kabla ya kuuliza chochote: "Sawubona, mama." Na ukishajibiwa, shukuru: "Ngiyabonga, baba." Wazulu ni watu wa salamu na heshima kama tulivyolelewa sisi, na mlinzi wa mlangoni aliyesalimiwa vizuri atakutafutia gari mwenyewe.

Hamwendi kwa watu baki kabisa, pia. Kuanzia 1873, Waafrika waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua, walishushwa Durban wakitokea Zanzibar. Walijenga Kings Rest, upande wa Bluff, hadi serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth miaka ya 1960. Wajukuu zao wanaitwa Wazanzibari mpaka leo. Mkikutana na mmoja, mpeni mkono wa nyumbani.

Bibi harusi, wikendi yako nimekupangia. Ijumaa fikeni, pumzikeni, usiku The Chairman kwa gari la mlango kwa mlango. Jumamosi mchana ufukweni na bunny chow, mlale kidogo alasiri, halafu isicathamiya mpaka mtakapochoka. Jumapili Rainbow kama kuna bendi, na kama hakuna, Umlazi na mwenyeji wenu, mrudi jua bado lipo. Rainbow uwapigie mapema, uwe na uhakika wa bendi. Viatu vyenye visigino virefu viache Dar. Utasimama muda mrefu, na ukianza kucheza gqom utavivua tu.